Bei ya Kahawa Isiyovunwa

Mhadhara kwa vijana, walimu na viongozi wa vyama vya msingi, Nkwenda, wilayani Kyerwa

Mada iliyo mbele yetu ni ya kijana anayetaka kuingia katika kazi ya hisabati ya fedha. Ashike kitabu gani, aende chuo gani, ajifunze programu ipi ya kompyuta? Swali hili lina majibu mengi yaliyo tayari, na karibu yote huja kama orodha. Nitataja baadhi ya yaliyomo, kwa sababu yapo na mengine hayana gharama. Lakini orodha hizo zina upungufu mmoja ambao mtu wa London au Chicago hauoni kwa kuwa haumgusi: zinamdhania msomaji amekwisha kuishi karibu na bei. Zinamdhania ameshuhudia watu wakibishana juu ya thamani ya kitu ambacho bado hakipo, mmoja akafaidi na mwenzake akaumia, na sasa anachotafuta ni zana za kukokotoa tu. Mpe orodha hiyohiyo mtu ambaye hajayaona hayo, atakariri fomula kama anavyokariri majina ya mito. Hoja nitakayoitetea ni kwamba kijana wa Nkwenda ameyaona, tena kwa karibu kuliko wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa, ila hajaambiwa kwamba alichokiona ni somo. Jina lake ni butura.

Kwanza tuiweke wazi kazi yenyewe, maana jina lake linatisha bure. Mtaalamu wa hisabati ya fedha hupima bei ya mashaka. Mfuko wa pensheni unaahidi kumlipa mstaafu mpaka afe, na hakuna ajuaye atakufa lini. Ahadi hiyo inagharimu shilingi ngapi leo? Benki inakopesha watu 10,000 ambao baadhi yao hawatalipa. Riba iwe kiasi gani ili wanaolipa wasibebeshwe mzigo usio wao na benki isianguke? Msafirishaji wa kahawa ameahidi mzigo wa miezi sita ijayo kwa dola, naye ananunua kwa shilingi. Akiba gani itamlinda shilingi ikiyumba? Maswali haya ni ya familia moja. Yanajibiwa kwa nadharia ya uwezekano, kwa takwimu, kwa kompyuta, na kwa kuijua biashara inayohusika. Hilo la nne ndilo watu hulisahau, na ndilo lililo jingi hapa kuliko ubao wa darasani.

Sasa butura. Kila mtu hapa anaijua, wengine wameitenda na wengine wametendewa. Kahawa ikiwa maua au punje changa, nyumba ikiwa haina kitu, mtu huja na fedha taslimu na kununua mavuno yaliyo bado mtini. Serikali imeipiga marufuku, viongozi huikemea kila msimu, na bado inarudi, kwa sababu ada ya shule na dawa ya mtoto haviwezi kusubiri kahawa iive. Tukiacha lawama kando kwa muda na kuitazama kama mwanahisabati, butura ni mkataba wa mauzo ya mbele: bei inakatwa leo, bidhaa inakabidhiwa kesho, na malipo yanatangulia. Mikataba ya ukoo huo ni ya kale mno. Aristotle anasimulia habari za Thales, aliyelipa malipo ya awali kwa mashinikizo ya mafuta ya zeituni kabla ya mavuno, kisha msimu ulipofika akayakodisha kwa bei aliyotaka. Huko Osaka, Japani, soko la mchele la Dojima liliruhusiwa rasmi mwaka 1730 kufanya biashara ya mchele kwa mikataba ya baadaye. Na mwaka 1900, mjini Paris, Louis Bachelier alitetea tasnifu kuhusu mienendo ya bei katika soko la hisa. Hisabati aliyoitumia kueleza kuyumba kwa bei ilitangulia kwa miaka mitano kazi ya Einstein juu ya chembe zinazotikisika majini. Mwaka 1973 Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton walionyesha namna ya kukokotoa bei ya haki ya kununua au kuuza kitu siku za usoni, na mwaka huohuo soko la haki hizo likafunguliwa Chicago. Kwa hiyo kati ya mlanguzi anayekuja na pikipiki na daftari na mtu wa Chicago mwenye skrini sita, tofauti haiko katika aina ya biashara. Iko katika hili: Chicago pande zote mbili zinajua kukokotoa, na huku upande mmoja tu.

Tuikokotoe. Nachukua namba za mfano, zilizochaguliwa ziwe rahisi. Mkulima anapewa shilingi 1,000 kwa kilo ya kahawa ya maganda, na miezi mitano baadaye kilo hiyo inauzwa shilingi 3,000. Ukiiona kama mkopo, fedha imezaa mara tatu ndani ya miezi mitano, yaani riba ya kama asilimia 25 kwa mwezi, riba juu ya riba. Kwa mwendo huo shilingi moja ingekuwa shilingi 14 kwa mwaka. Hakuna benki yenye riba hiyo. Lakini mlanguzi ana jibu, na jibu lake si la kipuuzi: yeye si mkopeshaji, yeye amebeba hatari. Mvua ya mawe ikipiga, mnyauko ukiingia shambani, bei ikianguka, hasara ni yake. Mwanahisabati mzuri humsikiliza kwanza, kisha huipa hatari hiyo namba. Tuseme kuna nafasi moja kati ya tano kwamba mavuno yatapotea yote. Wastani wa anachotarajia kupata ni asilimia 80 ya 3,000, yaani 2,400. Tumpe na riba ya asilimia 2 kila mwezi kwa fedha yake iliyokaa. Thamani ya leo inakuwa kama shilingi 2,170. Yaani hata baada ya kumlipa kwa hatari na kwa subira, bei ya haki ni zaidi ya mara mbili ya aliyotoa. Na tugeuze swali: ili shilingi 1,000 iwe bei ya haki kwa riba hiyohiyo, mavuno yangepaswa kupotea yote karibu mara mbili katika kila misimu mitatu. Mkulima gani wa Kyerwa amewahi kuwa na shamba la namna hiyo akaendelea kulipalilia? Isitoshe, mara nyingi makubaliano huwa ni ya idadi ya magunia badala ya matunda ya shamba fulani. Hapo mavuno yakipungua mkulima anabaki na deni, na hatari ambayo mlanguzi alidai kuibeba haikutoka kamwe mgongoni mwa mwenye shamba.

Hesabu hiyo ina kuzidisha, kugawanya na kipeo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Lakini ndani yake mna misingi mitatu ya taaluma nzima: thamani ya fedha kwa wakati, wastani wa matarajio, na kuigeuza bei ili ikuambie imani iliyofichwa ndani yake. Huo wa tatu ndio unaowatofautisha watu katika kazi hii. Anayejua fomula hukupa bei. Mtaalamu huitazama bei iliyokwisha kutajwa na kuuliza: aliyeitaja anaamini nini kuhusu dunia?

Somo la pili linatupeleka kutoka Nkwenda hadi London. Robusta, ambayo ndiyo kahawa kuu ya Karagwe na Kyerwa, ina soko lake la mikataba ya baadaye London, kwa dola kwa tani, na mkataba mmoja ni tani 10. Arabika ina lake New York. Mwaka 2019 robusta ilikuwa inazunguka dola 1,300 hivi kwa tani; mwaka 2024 ilivuka dola 5,000. Chukua bei ya mfano ya dola 4,000 kwa tani, yaani dola 4 kwa kilo ya kahawa safi. Dola ikiwa shilingi 2,600, hiyo ni shilingi 10,400. Kilo ya maganda hutoa takriban nusu kilo ya kahawa safi, kwa hiyo kilo yako ya maganda ina thamani ya shilingi 5,200 kabla ya kutoa gharama za kukoboa, magunia, tozo, usafiri mpaka bandarini na faida ya kila mkono iliyopitia. Tofauti kati ya namba hiyo na bei inayotangazwa kwenye mnada ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kila wiki ya msimu. Wakati mwingine ina sababu nzuri. Robusta ya asili iliyoanikwa chini haiwezi kudai bei ya ile iliyosafishwa. Wakati mwingine haina. Kijana anayeandika namba hizo tatu kila siku, bei ya London, bei ya dola na bei ya mnada, kwa msimu mmoja tu, atakuwa na jedwali ambalo sidhani mwanafunzi yeyote wa Ulaya analo. Na kwa kuwa kahawa ya Kagera sasa hupigwa mnada mbele ya wakulima wenyewe kupitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, sehemu ngumu ya jedwali hilo imerahisishwa. Zamani bei ya mwisho ilipatikana Moshi, na habari zilifika huku zimechoka.

Baada ya jedwali ndipo vitabu vinapata maana, na hapa naweza kusema waziwazi vipi. Mlango wa kwanza ni uwezekano. Joseph Blitzstein wa Harvard ameweka mihadhara yake ya video na kitabu alichoandika na Jessica Hwang mtandaoni bila malipo, na kwa maoni yangu hakuna mwalimu anayefundisha uwezekano kwa uzuri zaidi kwa mtu anayejisomea peke yake. Aljebra ya matriki ipo kwa Gilbert Strang wa MIT, pia bure, na chuo hicho kimetoa hadharani kozi nzima ya matumizi ya hisabati katika fedha ambamo wataalamu wa benki hupokezana ubao na maprofesa. Kwa mikataba yenyewe kitabu cha John Hull ndicho ambacho wanafunzi dunia nzima huanzia. Ni kinene, ni ghali, na toleo la zamani linatosha kabisa, kwa hiyo asikudanganye mtu ununue jipya. Ukitaka kwenda ndani zaidi, juzuu mbili za Steven Shreve zinasubiri, ila si kabla ya kalkulasi kukaa sawasawa. Upande wa kompyuta, Python inatosha kwa miaka ya mwanzo. Ni bure, na inaweza kuandikwa hata kwenye simu janja, ingawa macho yatalalamika. Nasisitiza mpangilio: mtu aanze na jedwali la kahawa, kisha afungue Blitzstein akitafuta jibu la swali lililomkera. Kinyume chake huzaa watu wenye vyeti vya kozi 12 wasioweza kukuambia butura ina riba gani.

Najua pingamizi la kwanza, na walimu waliomo humu wanalijua kuliko mimi. Hisabati ndiyo somo linaloangusha taifa. Kwa miaka ya karibuni, kati ya kila watahiniwa wanne wa kidato cha nne, anayefaulu Hisabati ni kama mmoja. Unawezaje kuzungumza habari za Shreve mahali ambapo sehemu zinawashinda watoto? Jibu langu ni kwamba takwimu hiyo inatetea hoja hii badala ya kuibomoa. Mtoto anayefeli asilimia kwenye karatasi ya mtihani hafeli asilimia kwenye mizani. Anajua kilo ngapi zimekatwa kwa unyevu, anajua debe la nani limebonyea. Kinachokosekana ni daraja kati ya mizani na ubao, na daraja hilo halihitaji maabara wala bajeti. Linahitaji mwalimu anayeruhusiwa kutoka nje ya mfano wa kitabu. Sisemi kwamba kila mtoto atakuwa mtaalamu wa fedha. Nasema kwamba wale wachache wenye kipaji, ambao wapo katika kila kata, hawatajulikana mpaka wapewe tatizo linalowahusu.

Kwa wale watakaojulikana, njia ya shule ipo na ieleweke mapema, kwa sababu watu huipoteza kidato cha tano. Mchepuo usio na Hisabati ya juu unafunga mlango huu karibu kabisa. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) uko wazi, na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) pia, tena EGM una faida ya kumpa mtu uchumi. Baada ya hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, vinafundisha sayansi ya watakwimu bima; Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanza mwaka 1961, kimefundisha watakwimu wa nchi nyingi; Nairobi kuna Strathmore yenye shahada ya uhandisi wa fedha. Bodi ya Mikopo ipo, na tangu 2022 upo ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi. Kisha tazameni ramani. Kyerwa imepakana na Rwanda, na Kigali iko karibu nasi mno kuliko Dar es Salaam. Humo, tangu 2016, kuna kituo cha Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na Neil Turok, mwanafizikia ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Tanzania. AIMS huchukua wahitimu kutoka bara zima kwa shahada ya uzamili, na hugharimia masomo yao. Na kwa asiyeweza kusafiri, WorldQuant University inatoa shahada ya uzamili ya uhandisi wa fedha kwa mtandao, miaka miwili, bila ada. Si rahisi, na wengi huiacha njiani. Lakini kisingizio cha ada hakipo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huyu kijana akishahitimu ataajiriwa na nani? Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, na hata leo kampuni zilizoorodheshwa hazijafika 30. Hakuna mikataba ya baadaye, hakuna haki za kununua na kuuza. Nairobi walifungua soko la mikataba hiyo mwaka 2019, nalo bado ni changa. Mtu anaweza kusema tunawafundisha watoto uvuvi wa bahari kuu mahali penye kisima. Ningekubali kama hisabati ya fedha ingekuwa hisa tu. Tazameni hatifungani za Serikali, ambazo mtu wa kawaida anaweza kununua kwa kuanzia shilingi milioni moja. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95; mwaka uliofuata mpya za muda huohuo zikawa na asilimia 12.56. Swali la mtihani: aliyeshika ile ya zamani, ikiwa imebaki na miaka 24, anapaswa kuiuza shilingi ngapi kwa kila mia? Jibu ni kama 125. Asiyejua kukokotoa hilo aliiuza mia na akashukuru. Tazameni mikopo ya simu, iliyoanza Kenya kwa M-Shwari mwaka 2012 na kufika kwetu na M-Pawa mwaka 2014: hakuna afisa wa mkopo anayekuhoji, kuna hesabu ya uwezekano tu inayokupa au kukunyima, na hesabu hiyo ameiandika mtu. Tazameni bima ya mazao, bima ya afya kwa wote ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, mifuko ya pensheni, vyama vya akiba na mikopo. Na mtu asiyeamini kwamba nchi ina njaa ya wataalamu hawa akumbuke kikokotoo cha pensheni. Kanuni za mafao za 2018 zilizua vilio mpaka zikasitishwa. Mwaka 2022 zikaja nyingine, mkupuo anaolipwa mstaafu ukiwa asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa kufika 40. Taifa zima lilibishana kwa miaka sita juu ya kipande kimoja cha hisabati, na katika mjadala wote huo walioweza kusimama na kuonyesha hesabu yenyewe kwa lugha ya mstaafu walikuwa wa kuhesabika.

Hata soko la nje si la wengine peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Benki ya Dunia ulikisaidia Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kununua kinga ya bei: chama kililipa ada kidogo ili kiwe na haki ya kuuza kwa bei isiyopungua kiwango fulani, soko likianguka haki hiyo ilipe, likipanda chama kiuze kawaida. Chama kikuu cha huku kwetu, KDCU, chenye makao Kayanga, kinakusanya kahawa ya kutosha kuhesabu kwa mikataba ya tani 10. Chama chenye kinga ya namna hiyo kingeweza kumpa mkulima malipo ya awali mwezi wa njaa bila hofu ya kufilisika, na hapo butura ingekutana na mshindani badala ya tangazo la marufuku. Sababu moja ya jambo hili kutoenea ni kwamba kinga ya bei inahitaji mtu ndani ya chama, si mgeni wa mradi, anayejua kila asubuhi inagharimu kiasi gani na wakati gani haifai kununuliwa. Mtu huyo ni mmoja wa vijana walioko katika ukumbi huu, au hayupo.

Wapo watakaouliza kama ni busara kuwafundisha vijana elimu iliyokwisha kuwaangusha wenyewe. Ni kweli. Scholes na Merton walipokea Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997, na mwaka mmoja baadaye mfuko waliokuwa washirika wake, Long-Term Capital Management, ulianguka hadi benki 14 zikalazimika kuchanga dola bilioni 3.6 kuuzuia usiburute wengine. Mwaka 2008 mikopo ya nyumba za Marekani iliyofungwa na kuuzwa kwa hesabu za kupendeza ililipuka, na dunia nzima ikalipa. Kosa mara zote mbili lilikuwa na sura moja: hesabu ilichukua matukio yaliyozoeleka na kuamini kwamba mabaya hayatakuja kwa pamoja. Mkulima wa hapa hahitaji kufundishwa kwamba mabaya huja kwa pamoja. Mwaka wa ukame ni mwaka wa maradhi na mwaka wa madeni. Sidhani ni ajabu nikisema kwamba aliyelelewa karibu na hatari halisi ana kinga zaidi dhidi ya kosa hilo kuliko aliyeisoma kwenye jedwali. Ila kuna pingamizi jirani ambalo sina jibu lake kamili: kwamba kijana tukimfundisha kukokotoa butura, atatoka hapa akawa mlanguzi bora. Wengine watakuwa. Hisabati haimkatazi mtu kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba bei mbovu huishi pale ambapo mmoja tu anaijua, na wakikokotoa kumi katika kijiji kimoja, mlanguzi bora atalazimika kushindana na walanguzi bora wengine tisa, na bei itapanda.

Kuna mlango mmoja ambao lazima niufunge kwa nguvu. Vijana wengi wakisikia fedha na kompyuta husikia forex: vikundi vya simu, mwalimu mwenye picha ya gari, ada ya kujiunga, ishara za lini ununue na lini uuze. Hiyo si kazi tunayoizungumza, na anayeiuza kama ajira anawadanganya. Mwaka 2009 Serikali ilipouzuia upatu wa DECI, maelfu ya Watanzania walikuwa wamepanda fedha wakisubiri mavuno ambayo yangetoka kwa wapandaji wapya tu. Mfuatano wa kijiometri, ule wa kidato cha tatu, ungetosha kuonyesha kwamba baada ya hatua chache wapandaji wanaohitajika ni wengi kuliko watu wa nchi. Jaribio langu kwa kozi yoyote inayouzwa ni fupi: ikikuahidi faida kabla ya kukupa zoezi la kukokotoa, ondoka.

Lugha na bando nitavipitia haraka, kwa kuwa ni vizuizi vya kweli ila havina utata. Vitabu vyote nilivyovitaja ni vya Kiingereza, na kijana anayesoma peke yake atakwama kwenye sentensi kabla ya kukwama kwenye fomula. Dawa ni kusoma wawili wawili, na kueleza kwa Kiswahili, au kwa Kinyambo kama kinakuja vizuri zaidi, kila kilichosomwa. Asiyeweza kukieleza hivyo hajakielewa, hata akiwa Harvard. Video hupakuliwa mara moja na kuzungushwa kwa kadi ya kumbukumbu. Shule moja yenye kompyuta tano na mwalimu mmoja mwenye hamu ina vifaa vya kutosha kwa miaka miwili ya kwanza.

Kinachobaki kiko mikononi mwa viongozi wa vyama vya msingi walioketi safu ya mbele, na ninalowaomba ni dogo. Vyama vyenu vina madaftari: tarehe, kilo, daraja, bei ya mnada, makato. Mengi yamo makabatini yakiliwa na mchwa. Funikeni majina ya wakulima, kwa maana hayo ni siri yao, kisha toeni namba zilizobaki kwa shule za sekondari za kata zenu, za msimu huu na za misimu iliyopita kadiri zilivyosalimika. Walimu wa Hisabati, zipokeeni na muwape kidato cha tatu wazichore. Msimu hufunguliwa Mei, na wanunuzi wa butura hawatausubiri.